Matumizi Hayajulikani

Kiingilio elfu mbili. Stakabadhi aliiandika kwa mkono
bwana Gwimo, akaupuliza wino ukauke,
kisha akasema: "Umeme umekatika tangu jana,
tutaangalia kwa tochi ya simu yangu.
Ya kwako itunzie chaji. Hapa Ujiji hujui utamhitaji nani."

Chumba kilikuwa stoo ya forodha zamani;
bado kinanuka mawese, kwa mbali, kama mtu aliyehama
akasahau koti lake nyuma ya mlango.
Makabati matatu ya kioo. La nne limepasuka,
limeungwa kwa plasta ya vidonda.

"Vyote hivi ni vya kisiwani Lubengera.
Usikitafute kwenye ramani. Ziwa lilipanda likakimeza
kabla babu wa babu yangu hajazaliwa,
likashuka mwaka mmoja wa ukame, likakitema nusu.
Wachimbaji wakawahi na brashi na kamba,
miezi minne tu. Kisha ziwa likachukua chake."

Mwanga ukatembea kama mdudu wa usiku,
ukatua kwenye bangili ya shaba, nyembamba,
ya mkono usiozidi wa binti yangu wa darasa la pili;
kwenye jiwe la kusagia lililolika tumbo;
kwenye mfupa wa sangala uliotobolewa
tundu dogo hata mimi, fundi cherehani, nikaona wivu;
kwenye kigae cheusi kwa masizi.
Masizi, jamani!
Ulezi wa nani huo, ulioungua mpishi akipiga soga?

Kila kitu na kikaratasi chake.
Chungu, karne fulani. Bangili, karne fulani.
Ila kimoja, kidogo, chekundu, cha udongo,
duara lenye tundu pembeni na alama za meno ukingoni:
*Matumizi hayajulikani.*

Hapo bwana Gwimo akacheka, akavuta daftari
lililovimba kwa unyevu.
"Wataalamu walishindwa. Nikasema basi, tuulize watu.
Kila ajaye ananiandikia la kwake."

Nikasoma.
Mvuvi wa Kibirizi: chubwi ya wavu.
Mfinyanzi: kifuniko, ila aliharakisha kukichoma.
Mwanafunzi wa sekondari: pesa yao.
Padri: Mungu anajua. Na sahihi ndefu.
Mtoto, kwa penseli: biskuti.
Mganga alijaza ukurasa mzima, akamalizia na namba ya simu.

Nikafunua. Ukurasa wa kumi na tisa,
herufi kubwa kubwa za ngumbaru, zimelalia kushoto
kama zinapigwa na upepo:
Mwavita binti Kalunga, Mwanga, tarehe tisa Machi,
siku aliyoniaga anakwenda Maweni kupima presha.

Mama.
Mama, aliyesema vitu vya kale vinaleta vumbi tu.
Alikaa hapa, pengine kwenye stuli hii hii,
akalipa zile elfu mbili alizonikopa za dawa,
akalamba ncha ya kalamu, namjua,
akaandika:

*Sijuwi kazi yake. Lakini kilipotea.
Na mwenyewe alikitafuta sana.*

"Unamfahamu?" akauliza bwana Gwimo.
Nilitaka kujua alivaa kitenge kipi,
kama alicheka alipofika kwenye biskuti,
kama alisema ana mtoto, fundi, pale sokoni.
"Watu ni wengi," akajibu, "siwezi kuwashika wote,"
ingawa kwa kitabu chake cha stakabadhi
wiki nzima kabla yangu alikuja mmoja.

Nikaomba kalamu.
Jina langu. Tarehe. Kisha nikakaa kimya
muda ambao simu ilishuka kutoka asilimia nne hadi moja,
na kile kiduara kilinitazama kwa tundu lake,
kimeng'atwa, hakina haraka.

Nikaandika: *Tazama ukurasa wa kumi na tisa.*
Mwanga ukazima kabla sijaweka nukta